Mama Yako Amejaliwa

Binti, fundi cherehani, alifunga kibanda chake wiki nzima ili amtembeze mama yake baharini kabla usahaulifu haujamzidi. Siku hiyo walizunguka kisiwa kwa boti, na mama akawachekesha wageni wenzao mpaka wakagombania kukaa naye mezani.

Jioni, kwenye ngazi za hoteli, binti alipiga magoti kumfuta mama mchanga miguuni, kidole kwa kidole.

Mama akamshika bega. "Umenitembeza vizuri, mwanangu. Mama yako amejaliwa. Bado yu hai?"

Binti hakuinua uso. Aliendelea kufuta, ingawa mchanga ulikuwa umekwisha.

"Yupo," alisema.

"Basi nenda kwake, usichelewe. Mimi namsubiri binti yangu."