Rangi ya Mwantumu

Zama hizo rangi ya gari ilishika sauti ya aliyeipaka, na gari likasema kwa sauti hiyo mpaka rangi ichakae. Pikapu ya Mzee Sechambo aliipaka mkewe, Mwantumu, kabla hajafariki, na kwenye kila kona ilimsuta: "Taratibu, mzee wewe, unakimbilia mke gani?"

Sasa rangi ilikuwa imepauka, na sauti imebaki mnong'ono.

"Baba, ipeleke gereji," alisema bintiye. "Wewe hata ukuta wa choo ulikushinda."

"Fundi anikoromee ndani ya gari la mama yako? Thubutu!"

Akapiga msasa na kupaka gari zima mwenyewe. Mlango wa dereva tu hakuugusa. Aliona Mwantumu bado anapumua humo.

Asubuhi alitoka na ufunguo, akaganda kizingitini. Ndani ya pikapu mwanamke alikuwa anacheka, sauti nzima kama ya siku ya harusi, na mwanamume anamsimulia ule uongo wa zamani wa chui aliyeomba lifti. Sauti ya mwanamume ilikuwa yake yeye Sechambo.

Akanyata, kicheko na machozi vikimgombania, akashika kitasa.

Wakanyamaza.

"Nani huyo?" akauliza Mwantumu.

"Simjui," ikajibu sauti ya Sechambo.