Mtama Ndani ya Zizi

Baada ya miezi ya ukame, Lomuria alirudi kutoka malisho ya mbali na mbuzi wachache waliokonda, mabaki ya kundi lililojaza bonde alipoondoka. Alipofika nyumbani, pembeni mwa mji, hakuliona zizi lake. Mahali pake palikuwa na mtama uliomfikia kifuani na matikiti yaliyotambaa mchangani.

"Mama Ekal, umewafukuza mbuzi wangu hata kabla hawajafika?"

Arot, mkewe, hakuacha kuvuna. "Mwalimu wa kilimo alitufundisha kuchimba mashimo ya kukinga maji ya mvua. Nikatafuta udongo wenye mbolea, Baba Ekal. Sikuuona popote ila hapa walipolala mbuzi wako."

"Sisi si wakulima."

"Watoto hawajalala njaa tangu mtama huu ukomae, na ziada naiuza sokoni." Alipasua tikiti, akampa kipande. "Kula kwanza, ndipo unigombeze."

Lomuria alikula amesimama, maji yakimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Alitaka kusema jambo zito, akajikuta ananyoosha mkono kuomba kipande kingine. Arot alicheka, akampa.

Mara mbuzi kipenzi wa Lomuria, ambaye alimbeba mabegani alipolegea njiani, akapenya kwenye pengo la ua na kung'oa shina la mtama. Arot alimtazama mumewe.

Lomuria alimshika mbuzi pembe, akamtoa nje. Kisha akachukua panga, akakata matawi ya miiba, akaanza kuziba lile pengo, mbuzi wake wakimlilia upande wa pili.