Mlango wa Bi Salha

Siku hizo mlango haukukufungukia mpaka mwenzako akutazame machoni, akutaje jina na kukuita mtu, kila alfajiri upya. Na neno lake halikuhesabiwa kama nawe hukumwita mtu vilevile.

Asubuhi sheria hiyo ilipoanza, Bi Salha alikuwa anachelewa harusi ya mwanawe.

"Bi Salha, wewe ni mtu," akasema mtumishi wake, Mwanahawa.

Mlango kimya.

"Hata kusema hujui?" akafoka Bi Salha.

"Nimesema, bibi. Imebaki zamu yako."

Moyo ulimdunda Mwanahawa kama ngoma ya harusi yenyewe! Mama yake alifagia nyumba hiihii, akaitwa "we" mpaka anazikwa.

Bi Salha akatazama sakafu, akatazama saa. Mwishowe akainua macho. "Mwanahawa," akasema, "wewe ni mtu."

Mlango ukafunguka. Bi Salha akatoka mbio. Mwanahawa naye akatoka, safari hii bila kutumwa na mtu, akicheka peke yake barabarani. Alikuwa ameshafika mbali alipokumbuka kwamba kesho alfajiri ni lazima aitwe tena, na mji mzima anayelijua jina lake ni mmoja tu.