Picha ya Mbele ya Jeneza

Habari za msiba zilimfika Gaudensia asubuhi. Kabla ya mchana, binti wa marehemu alikuwa mlangoni.

“Shikamoo bibi. Tunatafuta picha ya baba ya kuweka mbele ya jeneza. Ya kitambulisho katoka kama mwizi wa ng'ombe.”

“Marahaba. Nani kakwambia ninayo?”

“Mama. Kanipa na mkasi. Anasema aliyepiga naye picha abaki huku.”

Miaka hamsini Gaudensia aliificha picha ile ndani ya kitabu cha nyimbo, akijiona mjanja. Kumbe mke wa mtu alijua siku zote.

Akaitoa. Ilipigwa Haydom, msichana kakaa kwenye kiti, kijana kasimama pembeni na koti la kuazima, mikono ya koti imeishia karibu na viwiko.

“Mzuri huyu mwanamke,” binti alisema. “Ni nani?”

“Alishakufa.”

Gaudensia akauchukua mkasi, akakata polepole katikati yao, mpaka akaufikia mkono wa kijana uliolala begani mwa msichana. Hapo akasita.

“Bibi, mkono wa baba usiukate.”

Gaudensia akalikata bega.