Mkate wa Dirishani

Hepzibah alimwacha mumewe, Lemuel, amalize kuusifu wema wa binadamu, kisha akaikanda sumu ya panya kwenye donge la mkate wa mwizi.

Sumu aliiomba kwa jirani, maana shambani kwao hata panya hakuuawa. Lemuel alikataza. Alikataza nyama, maziwa, kulima kwa ng'ombe, na kufuli. Huko Boston alisimama mbele za watu akahubiri kwamba Mungu amekaa ndani ya kila nafsi, na anayeiba ameisahau tu nafsi yake. Akarudi na makofi yao, mifuko mitupu. Basi tangu mwizi aanze kuwaibia, kila Hepzibah alipooka, mkate mmoja uliwekwa dirishani kwa ajili yake.

Na mwizi, mkavu wa macho, aliuchukua. Theluji ilikuwa imefika madirishani, pipa la unga linakwanguliwa, na watoto, Eben na Dorcas, wamebaki ngozi na mifupa.

"Baba Eben, wanao wanakufa njaa."

"Vumilia, mke wangu. Siku moja aibu itamshika."

"Aibu? Huyo atashikwa na shibe!"

Lemuel alicheka, akambusu kwenye paji la uso. Alikuwa mpole kupita kiasi, na siku hizo Hepzibah alimchukia kwa hilo hilo.

Mkate ulipoiva, aliupeleka dirishani mwenyewe, watoto wamemshika gauni wakiukodolea macho.

"Leo umeuweka kwa mkono wako!" Lemuel alisema, machozi yakimlengalenga. "Unaona? Hata wewe nuru imekuwakia."

Kulipokucha, dirisha lilikuwa tupu. Hepzibah akaenda kuokota kuni ukingoni mwa msitu, na kusema kweli alikwenda kutafuta maiti. Hakujuta hata chembe. Alichungulia nyuma ya kila gogo, akiimba chinichini, na asipoona kitu akasema moyoni kwamba mshenzi yule lazima kafia kwake.

Lemuel alimpokea mlangoni akilia.

"Kaja, Mama Eben! Kaja kwa miguu yake!"

"Nani?"

"Mwizi wetu! Kijana wa watu, kapiga magoti hapo uliposimama. Anasema jana alikuwa kajificha nyuma ya ua, akakuona unauweka mkate na wanao wamekung'ang'ania. Basi akashindwa kuula. Mama Eben, umemgeuza wewe!"

Kuni zilimponyoka Hepzibah. Mtu hakufa. Alijiona mwepesi ghafla, akaona na haya.

"Yuko wapi?"

"Kaenda zake, kasamehewa. Na mkate kaurudisha mzima, hata hakuumega." Lemuel alimshika mikono yote miwili. "Nimeukata wote, nimewapa watoto. Mimi na wewe leo tutafunga, tushukuru."

Ndani, mezani, Dorcas alikuwa akiokota makombo ya mwisho kwa ncha ya kidole.