Doa Jeupe Kwenye Kona

"Msichimbe pale!"

Hata mkoba alikuwa hajautua. Ofisi nzima ya kampuni ya madini iligeuka. Ndiyo kwanza anarudi likizo, viatu vina vumbi la safari, kucha zimejaa weupe kama mtu aliyetoka kukanda unga. Walimwita Jicho, kwa sababu kwenye picha za setilaiti alikuwa anaona vitu ambavyo wenzake wanavipita tu.

"Karibu na wewe," mkuu akasema. "Salamu zimepanda bei?"

Kwenye skrini kubwa ya ukutani ilitandazwa picha ya bonde. Mto wa kale ulijipinda ndani yake, umekauka zamani za kale, umebaki rangi tu kwenye udongo. Jicho ndiye aliyeufuatilia, kipande kwa kipande. Na penye kona kali, pale dhahabu inapopenda kutulia, paling'aa doa jeupe.

Mkuu akazirudisha picha nyuma, mwaka baada ya mwaka. Doa likanywea. Akazisogeza mbele. Likavimba.

"Unaona? Zamani lilikuwa kijinukta. Sasa hivi hata bibi yangu analiona, na bibi yangu sahani yake haioni! Mvua inafukua mawe meupe, na mawe meupe yanatembea na dhahabu. Wewe unalitazama kila asubuhi, unatunyamazia. Kwa nini?"

"Si dhahabu, mkuu. Chimbeni kona ya juu, nitawaonyesha..."

"Ahaa! Ya juu tuchimbe sisi, hii uje uchimbe na shemeji kimya kimya?" Watu wakaangua kicheko. "Dada yangu, bonde lile watu walishahama wote. Hata mbuzi hakuna. Unamwonea nani huruma?"

Jicho akaisogelea meza ya mkuu.

"Mpigie dereva," akasema. "Nakuomba. Azime mashine."

"Katapila liko pale tangu alfajiri."

Mkoba ukamponyoka.

Simu ya mkuu ikalia. Akaiweka mezani, sauti juu, ili wote wausikie utajiri ukiingia.

"Mkuu, nimezima mashine." Dereva alikuwa anahema. "Nimegusa ukingoni tu, nikashuka kuangalia. Haya mawe si meupe. Yamepakwa chokaa. Ya huku nje chokaa yake mpya kabisa, inabaki mkononi. Yamepangwa duara, likazungushiwa duara lingine, na lingine. Na huku katikati..." Zikasikika hatua zake juu ya kokoto. "Huku katikati pana tuta. Fupi. Halifiki hata urefu wa koleo langu."

"Tuta la nini? Sema, bwana!"

Mkuu akainua macho, yakatua kwenye zile kucha nyeupe za Jicho.

"Kaburi la mwanangu ni dogo," Jicho akasema, akiitazama picha. "Kutoka angani nilikuwa simwoni."