Neno Moja kwenye Barua ya Kaka

Lilikuwa neno moja tu la Kiingereza, na kaka yangu Alistides alikuwa amelipigia mstari kwa wino mwekundu kwenye barua ya kumkabidhi mali ya Mama, aliyoileta kwenye kikao cha ukoo.

“Ni lugha ya madaktari, Mama, hutaielewa. Wewe weka dole gumba hapa, kibanja hiki cha migomba kiuzwe.”

Nikachukua kamusi ya binti yangu, nikasoma mbele ya ukoo mzima. Huandikwa senile, linatamkwa sinaili. Maana yake ni mtu aliyepungukiwa akili kwa uzee. Asili yake ni Kilatini, na huko lilitokana na neno lenye maana ya mzee, lile lile lililozaa seneti, baraza la wazee wanaoamua mambo ya nchi.

Kisu cha Mama kikasimama juu ya ndizi aliyokuwa akimenya. Utomvu ulikuwa umetia weusi vidole vyake vyote.

“Litamke tena.”

“Sinaili.”

“Haya. Mzee nipo, na baraza limekaa.” Akamgeukia kaka. “Wewe mwenye akili, kitovu chako nilikizika kwenye shina lipi la mgomba?”

Alistides akacheka. Hakuna mwingine aliyecheka. Kwetu hata mtoto wa darasa la kwanza anaujua mgomba wa kitovu chake.

Kaka akatazama nje, kwenye migomba, kisha akatazama viatu vyake.

“Mama, hayo ni mambo ya zamani.”

Mama akamnyooshea kile kisu, mpini ukimwelekea yeye.

“Twende nikuonyeshe. Ukaukate kwa mkono wako, ndipo nikuwekee dole gumba.”